Umbali wa kwenda majini Dodoma: fastDistanceTransform, cumulativeCost, au ukokotoe mwenyewe nyumbani?

Nianze na aibu yangu. Nilipoanza kuchora ramani za umbali kwa Google Earth Engine, ule mtandao wa Google wa kuchambua picha za setilaiti, nilibofya juu ya kijiji kimoja upande wa Chamwino ikatoka namba 40000, mimi nikajua hizi ni mita, nikaandika kwenye rasimu ya ripoti kwamba wale watu wako kilomita 40 kutoka kwenye lambo la karibu. Kilomita 40! Lambo lenyewe ukisimama kwenye kilima nyuma ya shule unaliona kwa macho. Ukweli ilikuwa kilomita 2, ile namba ni pikseli 200, vile viraba vidogo vinavyounda picha, zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe, na nilikuja kujua baada ya mwenzangu kuniuliza kwa upole, "Hivi ndugu, hawa ng'ombe wanakunywa maji mara moja kwa wiki?"

Basi tangu hapo nimezijaribu karibu njia zote za kutengeneza rasta ya umbali, na kwa asiyejua, rasta ya umbali ni picha tu ambayo kila pikseli badala ya kubeba rangi inabeba namba, namba yenyewe inakuambia kutoka hapo ulipo mpaka maji, au barabara, au zahanati, ni umbali gani. Hapa naziweka kando kwa kando kama ninavyozitumia mimi kwa kazi za huku, maana mafundisho mengi mtandaoni yameandikwa na watu wenye mto kila kona. Dodoma mvua ni msimu mmoja, inaanza karibu na Desemba inaishia Aprili, mwaka mzima inacheza kwenye milimita 500 mpaka 600, halafu jua mpaka basi. Mjini tunategemea sana visima vya Makutupora, lakini ng'ombe wa Bahi hajui Makutupora, anajua lambo. Kwa hiyo umbali wetu sio mita mia tatu mia nne, ni kilomita tano, nane, kumi na tano, na hiyo ndio inayoamua uchukue njia ipi kuliko hata ujuzi wako wa kuandika skripti.

fastDistanceTransform, ya haraka lakini ina ujanja wake

Hii ndio watu wengi wanaanza nayo na ndio iliyonipiga. Unaipa picha ya 0 na 1, maji ni 1 na nchi kavu ni 0, inakurudishia umbali wa kila pikseli mpaka kwenye pikseli ya karibu isiyo sifuri. Ni nyepesi kweli, hata kwa wilaya nzima inatoka bila kulia. Ila inachokupa ni kipeo cha pili cha umbali (umbali mara umbali), tena kwa pikseli, sio mita, kwa hiyo lazima upige sqrt (kipeuo cha pili) kwanza, halafu uzidishe na pixelArea, eneo la pikseli kwa mita za mraba, ambayo nayo umeipiga sqrt, hapo ndio unapata mita. Kwa mfano wangu wa aibu: sqrt ya 40000 ni 200, pikseli ya Sentinel-2, setilaiti ya Ulaya, ni mita 10, basi mita 2000. Kitu cha mistari miwili tu ila ukikisahau ramani haikuambii chochote, rangi zinatoka nzuri vilevile.

Ujanja wa pili ni dirisha, yaani umbali wa mwisho inaoutafuta kuzunguka kila pikseli. Usipoweka kitu lenyewe linachukua pikseli 256, na hizo ni pikseli, sio mita, narudia tena sio mita. Kwenye picha ya mita 10 hiyo ni kilomita 2 na nusu hivi, yaani kwa Dodoma unakuwa umeangalia uani kwako tu. Kwenye picha ya mita 30 inakuwa kilomita 7.7, afadhali. Ukiweka 1024 kwa mita 30 unafika karibu kilomita 30 na hapo unaweza kuongea na mfugaji, ingawa dirisha likikua na mashine nayo inaanza kuhema. Na kitu chochote kilichozidi dirisha usikisome kama umbali, kipige maski, yaani kifiche, ubaki na tundu, afadhali tundu kuliko namba ya uongo.

Sasa iko hivi, kinachochanganya watu zaidi ni kwamba ukiiangalia kwenye ramani palepale kwenye dirisha la kuandikia skripti, ukubwa wa pikseli unafuata ulivyozumu. Kwenye zumu ya 10 pikseli moja ni kama mita 153, kwa hiyo dirisha lako la 256 linafika kilomita 39 na kila kitu kinaonekana sawa, unafurahi, unaita watu waone. Unazumu mpaka 14 uone kijiji vizuri, pikseli inashuka mpaka chini kidogo ya mita 10, dirisha linakuwa kilomita 2.4, rangi zote zinahama mbele ya wageni. Sio kwamba skripti imeharibika. Ramani ya kwenye skrini ichukulie kama kionjo, matokeo ya kweli toa faili kwa kutuma Google Drive huku umeitajia skeli (ukubwa wa pikseli) na projeksheni (namna dunia ya duara inavyolazwa kwenye ramani bapa) wewe mwenyewe. Na picha uliyotengeneza kwa median, ile thamani ya katikati, ya picha nyingi inapoteza projeksheni yake ya asili, inabaki na pikseli ya digrii moja, digrii moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo usipotaja skeli unaacha bahati ikuchagulie.

Naichagua lini? Chanzo changu kikiwa ni picha yenyewe, mfano maji niliyoyatoa kwenye Sentinel-2, na nataka umbali wa mstari mnyoofu, na nina uhakika chanzo cha karibu hakizidi kilomita 20 au 30.

FeatureCollection.distance, kama chanzo chako ni nukta

Kama ulizunguka na simu ukachukua nukta za visima au zahanati, acha kabisa mambo ya kuzigeuza kuwa pikseli halafu urudi kwenye fastDistanceTransform, unajichosha. Hii inachukua nukta, mistari au poligoni (maumbo yaliyofungwa) na inakupa moja kwa moja mita. Hakuna sqrt, hakuna pixelArea, hakuna kuhesabu dirisha kwa vidole. Kwenyewe inatafuta mpaka mita 100,000, yaani kilomita 100, na kinachozidi hapo kinapigwa maski chenyewe. Kwa mtu anayeanza mimi naanza naye hapa hapa, maana ni ngumu kuikosea.

Ni ngumu ila inawezekana. Ukiipa poligoni inapima mpaka kwenye ukingo, na inapima hata ukiwa ndani ya poligoni. Chukua bwawa la Mtera, ukiliweka kama poligoni katikati ya maji kabisa utaona umbali wa kilomita kadhaa, kana kwamba mtu aliyeko kwenye mtumbwi ana kiu. Rekebisha kwa kuweka sifuri ndani ya poligoni. Na usijaribu kugeuza maji yote ya mkoa kutoka rasta kwenda poligoni ili uitumie hii, nilijaribu, maelfu ya vidimbwi vyenye kona za pikseli, nikangoja weee mpaka ikaniandikia kwamba muda umeisha.

Kuna nyingine, Image.distance inayotumia kerneli, yaani kidirisha cha majirani kinachopitishwa juu ya kila pikseli. Uzuri wake ni mmoja, kerneli unaweza kuitajia mita badala ya pikseli. Ila ukiomba umbali mkubwa inazidiwa mapema sana. Mita 500 kuzunguka barabara sawa, kilomita 10 za kwenda lamboni sahau. Mimi siitumii siku hizi.

cumulativeCost, pale mstari mnyoofu unapodanganya

Tulikwenda kijiji kimoja na ramani iliyochapishwa, A1 nzuri, kijani ni karibu na maji na nyekundu ni mbali. Tumeibandika kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, wazee wanaiangalia. Mzee mmoja akasogea akaweka kidole kwenye kijani iliyokoza.

"Mwanangu, hapa ni wapi?"

"Hapa ni ng'ambo ya kilima mzee, hapo mko kilomita tatu tu na lambo."

Akacheka. "Tatu za kunguru. Sisi na ng'ombe tunazunguka kule kwenye pengo, tunatoka alfajiri tunafika jua liko hapa," akanyoosha mkono kama saa nne ya asubuhi hivi. "Hiyo kijani yako mmeipaka juu ya mawe."

Na kweli. Huku kwetu vilima vya mawe vimesimama peke yake katikati ya tambarare, kwenye ramani ya umbali mnyoofu havipo kabisa. Hapo ndio cumulativeCost inapoingia. Unaipa picha mbili, moja ya chanzo na moja ya gharama ya kupita kila pikseli, na kiasi cha juu cha umbali wa kutafuta kwa mita. Yenyewe inatafuta njia yenye gharama ndogo. Gharama ukiiweka kwa dakika kwa kila mita basi jibu linatoka kwa dakika. Mtu anayetembea kilomita 5 kwa saa ni dakika 0.012 kwa mita, ng'ombe ukimkadiria kilomita 3 kwa saa ni 0.02, mteremko mkali unauongezea kwa kutumia data ya mwinuko ya SRTM ya mita 30, mawe matupu unaweka gharama kubwa kabisa au unapiga maski kama hapapitiki. Tulipoirudia hivyo kijani ya mzee ikageuka machungwa.

Mabaya yake yapo. Moja ni nzito kuliko zote, kwenye skrini itakukatalia mara nyingi, wewe tuma kama kazi ya nyuma ukale chips mayai urudi. Mbili, watu wanaitumia vibaya wakiweka gharama 1 kila mahali ili wapate mita za kawaida. Inatoa kitu kinachofanana na umbali lakini njia inatembea pikseli kwa pikseli, kwa hatua za pande nane jibu linaweza kuzidi mstari mnyoofu kwa kama 8% kwenye pembe mbaya, kilomita 10 inasomeka 10.8. Kama hutaki gharama usiitumie, basi. Tatu ndio kubwa kwangu: jibu lote linategemea namba za kasi ulizoziweka wewe. Ukiweka kasi ya ofisini utapata ramani ya ofisini. Waulize wafugaji wanatoka saa ngapi wanafika saa ngapi, halafu rekebisha namba mpaka zifanane na yao.

Kama huna muda wa kutengeneza picha ya gharama, Malaria Atlas Project wameweka humo humo Earth Engine picha ya ugumu wa kupita ya mwaka 2019 ikiwa tayari kwa dakika kwa mita, pikseli ni kama kilomita 1. Kwa swali la zahanati ngazi ya mkoa inatosha kabisa. Kwa lambo na kilima cha mzee haitoshi, kilima kizima kinaingia ndani ya pikseli mbili.

Kukokotoa mwenyewe: Colab au QGIS nyumbani

Hapa ndipo nilipoishia mimi kwa kazi nyingi za eneo kubwa, na najua wapo watakaoniambia narudi nyuma. Sikiliza kwanza. Kazi nzito kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za Google, ni kuchambua mamia ya picha za setilaiti mpaka kupata maji, hiyo laptop yangu haiwezi na bando langu haliwezi. Lakini ukishapata picha ya 0 na 1, eneo la kilomita 100 kwa 100 kwa mita 10 ni pikseli milioni 100, baiti moja kila pikseli, na kwa kuwa karibu zote ni sifuri ikibanwa faili inakuwa ndogo ya ajabu, unaishusha hata kwa bando la siku. Angalizo, milioni 100 ndio kikomo Earth Engine inachokubali kutoa kama hujaongeza maxPixels, kwa hiyo ukizidi kidogo tu itagoma mpaka uiandikie.

Baada ya hapo nafungua QGIS, programu ya bure ya ramani, menyu ya Raster, Analysis, Proximity, natoa umbali bila dirisha wala zumu, mstari mnyoofu wa kweli, hata umeme ukikatika betri inamalizia. Cha kuangalia ni sehemu ya vipimo, chagua "Georeferenced coordinates" sio pikseli, na kabla ya hapo hakikisha faili lako liko kwenye projeksheni ya mita, ukiliacha kwenye digrii litakupa umbali kwa digrii, utaona 0.03 na utajiuliza ni nini.

Colab, daftari la Google la kuandikia Python mtandaoni, ni ileile ila kwenye wingu, unatumia scipy, maktaba ya mahesabu ya Python, kwa amri ya distance_transform_edt. Tahadhari, hii inafanya kinyume! Inapima kutoka pikseli isiyo sifuri kwenda kwenye sifuri ya karibu. Ukiipa picha ileile uliyoipa Earth Engine itakupimia ndani ya maji kwenda ufukweni, nchi kavu yote inakuwa sifuri. Geuza kwanza, maji yawe 0. Na umwambie sampling ni 10 kwa 10 ili akupe mita. Kumbukumbu nayo, pikseli milioni 100 kwa desimali ndefu ni megabaiti 800 kwa jibu peke yake kabla ya mahesabu ya katikati, Colab ya bure inabeba lakini usiongeze mbwembwe.

Lakini ukweli chanzo kikiwa kibovu hizi zote ni bure

Hapa nakaa kidogo kwa sababu sioni watu wakilisema. Umbali unaangalia pikseli moja tu, ile ya karibu. Kwenye ramani ya matumizi ya ardhi ukikosea pikseli moja hakuna anayejua. Kwenye umbali pikseli moja ya uongo inachora duara zima la kijani kuzunguka mahali pasipo na tone la maji. Nimeona kivuli cha kilima cha jioni, nimeona shamba lililochomwa moto likawa jeusi, nimeona bati jipya, zote zimesomeka kama maji kwenye NDWI, kipimo cha kutambua maji kwenye picha za setilaiti, kwa kizingiti cha uvivu cha sifuri.

Dawa ya kawaida ni kufuta vipande vya pikseli chache kwa connectedPixelCount, inayohesabu pikseli zilizoungana. Sasa lambo lenyewe lina mita 40 kwa 40, hizo ni pikseli 16 za Sentinel-2, mwisho wa kiangazi linabaki pikseli 4 za tope. Ukifuta chini ya 10 umemfuta mfugaji. Kwa hiyo mimi nafanya kwa msimu, picha za mwezi wa tisa na wa kumi ambapo anga ni safi, pikseli inakubalika kama imeonekana maji zaidi ya mara moja kwenye picha tofauti, kivuli kinahama lambo halihami. Masika mawingu ni shida, hapo Sentinel-1 ya rada inasaidia maana rada inapenya mawingu. Data ya maji ya JRC, kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya, iliyotengenezwa kwa setilaiti za Landsat kuanzia 1984 mpaka 2021 ni nzuri sana kwa mabwawa ya Hombolo na Mtera na kuona maji yanavyopanda na kushuka, ila kwa pikseli ya mita 30 lambo dogo ni pikseli moja au hakuna kabisa.

Na usikate maji kwa mpaka wa wilaya kabla ya kupima. Kata baadaye. Ukikata kwanza watu wa mpakani wote wanakuwa mbali na maji kwenye ramani wakati lambo liko ng'ambo ya mpaka, ng'ombe hawajui wilaya. Ongeza kilomita 30 pembeni, pima, ndio ukate.

Nimalizie na projeksheni maana naulizwa sana. Utasoma kwamba Web Mercator, projeksheni ya ramani za mtandaoni, inaharibu umbali, ni kweli, kwa mtu wa London umbali unavimba kwa 60%, sisi tuko nyuzi 6 kusini, unavimba kwa 0.6% tu, kwa kionjo haina shida. Shida yetu ni nyingine, mstari wa nyuzi 36 mashariki unapita humuhumu mkoani, mjini na Bahi ziko kanda ya 36 Kusini ya UTM, projeksheni ya mita inayogawa dunia kwa kanda, Kongwa na Mpwapwa ziko 37 Kusini. Kuna jamaa aligawa kazi kwa kanda, akapima kila upande peke yake akaziunganisha, ukatoka mshono ulionyooka kama uzi kutoka kaskazini hadi kusini, lambo lililoko upande huu wa mstari upande wa pili halikuwepo. Chagua 36 Kusini kwa mkoa wote, msimbo wake EPSG:32736, kule Kongwa utakosea kama mita moja na nusu kwa kila kilomita, mita ambazo ng'ombe anazimaliza kwa hatua mbili.